Sakafu ya Plasta na Maua ya Shemeji

Kijiwe chetu ni ubao mmoja tu. Zamani ulikuwa ubao wa jukwaa la mafundi ujenzi, na mpaka leo una matone ya saruji yaliyokwisha chana suruali zetu zote. Umelazwa juu ya matofali, na mahali pa kuegemea ni ukuta wa kibanda cha Kinyozi, ambaye hukaa nasi nje huku mteja ndani akisubiri amaliziwe upande wa pili wa kichwa. Mwisho wa kulia hukaa Ripoti, karani mstaafu wa idara ya maji, mtu ambaye hata salamu huigawa katika utangulizi na mapendekezo. Katikati ni Breki, dereva wa lori wa zamani, tuliyempa jina hilo kwa sababu akianza kusema hana. Bi Birika yuko pembeni na jiko lake, anamimina kahawa na kusikiliza. Mimi hukaa popote panapobaki. Nimekaa hapo miaka mingi nikiwacheka wenzangu, na nilidhani hiyo ndiyo kazi yangu duniani.

Mwenye ubao ni Plasta, mwashi. Ni fundi hodari na mtu mwema, ila hajawahi kuona ardhi tupu akatulia. Mwonyeshe uwanja wa mpira, ataupima kwa macho, halafu atakwambia unahitaji mifuko mingapi ya saruji.

Ijumaa hiyo alikuja amechelewa. Akakaa ukingoni kabisa mwa ubao wake mwenyewe kama mtu aliyekuja kuomba kazi, akapokea kikombe, asinywe. Breki alimuuliza mara tatu kama anaumwa. Mara ya tatu akatueleza.

Mkewe, ambaye sote tunamwita shemeji, alikuwa ameondoka wiki saba zilizopita kwenda kumsaidia binti yao aliyejifungua mapacha. Plasta akabaki na nyumba, na mwashi akiachiwa nyumba peke yake hakosi cha kuharibu. Mlangoni kwake palikuwa na kipande cha udongo, urefu hatua nne, upana hatua moja, kimepigwa na jua mpaka kimepasuka. Jani hakuna, jiti hakuna. Akaona kukipiga sakafu ndiyo zawadi ya kumpokelea mkewe. Akachimba, na kila alipotia sururu alikuta vitunguu vidogo vya maganda ya kahawia, vimebanana makundi makundi. Akadhani ni vitunguu vya jikoni ambavyo mkewe alivifukia akavisahau. Akavijaza kwenye mfuko mtupu wa saruji, na Jumanne mfuko ukaondoka na gari la taka. Kisha akamwaga zege, akapiga sakafu, akailainisha kwa mwiko wa chuma hadi ikang'aa, na juu yake akachora mistari ya miraba ili ionekane kama vigae. Akaipiga picha, akamtumia binti yake.

Binti akajibu kwa maneno machache: "Baba, na maua ya marehemu bibi?"

Hapo ndipo alipoelewa. Vile vilikuwa vitunguu vya maua yaleyale ya kila masika, na Plasta hakuwahi kujua kwamba chini yana vitunguu. Shemeji alivichimba uani kwa mama yake mzazi, wiki moja baada ya kumzika, akaja navyo vimefungwa kwenye leso. Kiangazi majani yote hupotea, ukadhani hapakuwahi kuwa na kitu. Mvua ya kwanza ikinyesha, yanarudi yenyewe, na kila mwaka yanarudi mengi kuliko mwaka uliopita. Alianza na vitunguu vitano. Miaka kumi na saba baadaye vilikuwa vimejaza kipande kizima. Binti, kwa huruma, hakumwonyesha mama yake ile picha. Shemeji anarudi Jumapili, yaani keshokutwa, na mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika.

Breki alimwambia ajiandae kufokewa wiki nzima, na kwamba wiki moja si kitu, yeye alishawahi kufokewa kutoka mwezi mmoja hadi mwingine.

Plasta: Angefoka ningeshukuru. Hatafoka. Atasimama pale mlangoni na begi lake mkononi, aangalie chini, halafu apite aingie ndani. Ninachoogopa ni hicho, ndugu zangu. Kule kupita.

Shemeji tunamjua, na kweli ndivyo atakavyofanya.

Plasta: Nataka vitunguu vya maua vinavyorudi vyenyewe na kuzaana. Nivunje sakafu leo, nipande kesho. Ila sijui nichague vipi. Nishaurini.

Sasa, kuomba ushauri kijiweni kwetu ni sawa na kufungua bomba halafu koki ukaitupa. Ripoti aliweka kikombe chini, akapapasa nyuma ya sikio akitafuta kalamu ambayo haipo tangu alipostaafu, akasema kwamba suala lina sehemu tatu. Breki akamwomba aanzie ya tatu. Ripoti akasema ya tatu haiwezi kueleweka bila ya kwanza, akaanza na ya kwanza.

Ripoti: Kuna ua la msimu na kuna ua la kudumu. La msimu ni kibarua. Linafanya kazi yake, linaondoka, hulioni tena. La kudumu limeajiriwa, lina haki zake. Kiangazi halijafa, liko likizo.

Kinyozi: Na likirudi kutoka likizo linakuja na ndugu zake.

Ripoti: Hasa. Wanakaa. Kwa hiyo unapochagua kitunguu unakibonyeza kwa kidole. Kikiwa kigumu na kizito, kina nia ya kurudi kazini. Kikibonyea, kimeshaandika barua ya kuacha kazi.

Plasta aliitikia kwa kichwa kwa shukrani, na mimi nakiri kwamba hilo la ugumu na uzito lilikuwa kweli. Lilikuwa pia la kweli la mwisho kusemwa pale kabla ya saa sita.

Kinyozi hakuweza kuvumilia kuona mtu mwingine anatoa ushauri uliosikilizwa. Fani yake ni vichwa, na kwake yeye hakuna jambo ambalo mwisho wake si kichwa. Akasema maua ni nywele tu, tofauti ni udongo. Ukitaka nywele zirudi kwa wingi, unazinyoa mara kwa mara. Kwa hiyo maua yakichomoza, Plasta ayanyoe palepale, yatarudi na hasira. Tena kila kichwa kina sehemu ya utosini ambapo nywele hujizungusha na kuamua zielekee wapi. Akamvua Ripoti kofia ili atuonyeshe, lakini kwa Ripoti ushahidi huo ulikwisha toweka miaka mingi iliyopita, akamvisha tena.

Kinyozi: Kitunguu nacho kina mwelekeo. Unakilaza ubavu, ncha ikitazama kule unakotaka kienee. Unataka kielekee dirisha la chumbani, unakitazamisha chumbani. Kitakwenda huko huko.

Plasta: Chumbani nimepiga sakafu.

Kinyozi: Basi kitafika ukutani, kitafikiri.

Sauti ya mteja ilitoka ndani ya kibanda ikiuliza kama amesahauliwa. Kinyozi akamjibu kwamba yuko kwenye kikao, na asiguse mashine.

Breki alikuwa ameshavuta pumzi. Yeye ameendesha lori miaka ishirini na miwili, na hakuna kitu duniani ambacho hajakiona kupitia dirishani, kwa mwendo wa kasi. Akatueleza habari za shule moja ya njia kuu, ambapo mwalimu mkuu alipanda vitunguu saba vya maua chini ya mlingoti wa bendera. Mwaka wa pili maua yalifika darasa la kwanza. Mwaka wa nne yalikuwa kwenye uwanja wa mpira, wakahamisha magoli. Mwaka wa sita wakahamisha shule.

Ripoti: Shule ilihamishwa na maua?

Breki: Mwaka wa saba nilipita, shule haikuwepo. Maua matupu. Wewe unataka ushahidi wa namna gani?

Ripoti: Labda ulipita barabara nyingine.

Breki: Barabara nayo walikuwa wameshaihamisha.

Hapo hakukuwa na wa kumzuia. Alisema kwamba vitunguu vya maua hutembea, jambo ambalo serikali nyingi hazipendi lijulikane. Kila mwaka kitunguu husogea shibiri moja chini kwa chini, na vikongwe hutangulia. Kwa hesabu yake, shibiri kumi na saba ni mwendo wa kutosha kabisa kutoka mlangoni kwa Plasta, kupita chini ya ukuta, hadi uani kwa jirani. Kwa hiyo Plasta hakung'oa maua ya shemeji. Alichong'oa ni mkia. Maua yenyewe yalishahama zamani, na mvua ikinyesha yatatokea kwa jirani, yakiwa na afya njema.

Nilimtazama Plasta. Nasema kweli, kwa dakika moja uso wake uling'aa. Mtu akiwa na hofu hata Breki anaonekana mtaalamu.

Ripoti hakufurahi. Alisema yakitokea kwa jirani tumezusha mgogoro wa mpaka. Ua lililozaliwa uani kwa Plasta likakulia uani kwa jirani ni la nani? Na likirudishwa, linarudishwa na udongo wake au bila udongo? Kinyozi akashika upande wa jirani, kwa sababu jirani ni mteja wake. Breki akasema lirudishwe na udongo, maana lilitoka nao. Walibishana juu ya udongo huo muda wa kahawa mbili kamili, kila mmoja akiwa ameshasahau kwamba hakuna ua, hakuna jirani aliyelalamika, na udongo wenyewe uko chini ya zege. Ripoti alipendekeza barua yenye nakala tatu. Aliitaja nakala ya tatu kwa mapenzi makubwa.

Jambo la hatari kuhusu kijiwe chetu ni kwamba ukikaa muda mrefu unaanza kusema kama sisi. Plasta naye akaingia.

Plasta: Tatizo ile sakafu imekaa vizuri sana. Sijawahi kupiga sakafu ikatulia namna ile. Nikiivunja itaniuma. Nikitoboa matundu je? Matundu arobaini, kwa mistari, kila tundu kitunguu kimoja.

Kinyozi: Itakuwa chujio.

Ripoti: Na si umesema vizaane? Kitunguu kikizaa humo ndani ya tundu, mtoto anakwenda wapi?

Plasta alifikiri kwa uzito wote wa fundi.

Plasta: Tundu la jirani.

Bi Birika alimimina mzunguko mwingine, na vikombe aliviweka kwa sauti zaidi kuliko inavyohitajika.

Matundu yaliposhindikana, kikao kikahamia kwenye uongo, kama vikao vyote vinavyochoka. Kinyozi ndiye aliyemleta panya. Plasta amwambie mkewe kwamba kulitokea panya, akatafuna vitunguu vyote, na yeye kama mume akaziba mahali pale kwa zege ili panya asiingie ndani kwa watu. Sakafu ikawa si kosa tena, ikawa ulinzi. Tuliupenda sana uongo huo, na ubaya wa kitu kinachopendwa ni kwamba kila mtu anataka kuongeza mkono wake. Ripoti akasema panya aliripotiwa ofisini na jalada lake lipo. Breki akasema panya mwenyewe alikuwa na ukubwa wa mbuzi mchanga, na kwamba alipoangaziwa tochi hakukimbia, alimtazama Plasta machoni. Kinyozi akasema ingefaa Plasta awe na jeraha, dogo tu, na wembe yeye anao.

Wakamwambia ajaribu kuusema, wamsikie. Plasta alisimama mbele ya ubao, akakohoa, akashika mikono yake nyuma.

Plasta: Mke wangu. Ulipoondoka kulikuwa na panya...

Akaishia hapo. Akatazama viatu vyake vilivyojaa saruji.

Plasta: Siwezi. Anaijua sauti yangu.

Akakaa. Hata Breki alimgusa bega, na Breki si mtu wa kugusa watu mabega. Nilimwonea huruma Plasta, nasema wazi. Mtu mzima, mikono imekomaa kwa chokaa, anahangaika kwa ajili ya maua. Lakini sikuacha kucheka moyoni. Nilikuwa nimeshaanza kupanga jinsi nitakavyosimulia habari hii nyumbani jioni, sauti ya nani nitaiigiza vipi.

Wakati huo akafika dada mmoja anasukuma baiskeli. Asubuhi, kabla panya hajazaliwa, Kinyozi alikuwa amemwagiza mteja mmoja anayepita njia ya shuleni amwite muuza miche wa kule kwenye uzio wa shule na amweleze yaliyompata Plasta, na sote tulikuwa tumesahau. Huyo ndiye aliyekuja. Alikuwa kijana, hatujawahi kumwona kijiweni, mikono yake ina udongo mpaka kwenye viwiko, na nyuma ya baiskeli amefunga sanduku la mbao. Akatuamkia wote vizuri, akauliza baba anayetafuta vitunguu vya maua ni yupi. Ripoti, Kinyozi na mimi tulimwonyesha Plasta kwa kidole. Breki alimwonyesha kwa mikono miwili.

Dada alifungua sanduku juu ya ubao wetu. Ndani yake kulikuwa na vyumba vinne vyenye vumbi la mbao, na katika kila chumba vitunguu vimepangwa vizuri. Alitoa kimoja, akampa Plasta akishike, akamweleza yeye peke yake kana kwamba sisi wengine ni sehemu ya ukuta. Achague vigumu vizito, visivyo na ukungu. Atazame ubavuni kama kuna vitoto vimejishika, maana hivyo ndivyo vinavyozaa, na visivyo na vitoto vinaweza kukaa miaka bila kuongezeka. Apande ncha ikiwa juu, kina cha vidole viwili, mahali penye jua, asivibananishe. Kiangazi asimwagilie maji, vitaoza. Na majani yakibaki baada ya maua kuisha asiyakate, ayaache yakauke yenyewe, kwa sababu ndiyo yanayokilisha kitunguu kwa ajili ya mwaka ujao.

Kinyozi alikumbuka ghafla kwamba ana mteja, akanyanyuka, kisha akakaa tena ili asipitwe.

Dada yule alitumia dakika mbili. Sisi tulikuwa tumetumia asubuhi nzima na birika tatu, na kilichobaki mikononi mwetu kilikuwa panya.

Muuza miche: Watu wengi huyapoteza wakati wa kiangazi, baba. Wanaona pamekauka wanadhani yamekufa. Hayajafa, yamelala tu.

Plasta: Hilo nimeshalijua, mwanangu.

Muuza miche: Basi nimekuja na aina nne. Zote zinarudi, zote zinazaana. Ila mama anayajua yake, kwa hiyo tutafute yanayofanana na yale. Yalikuwa rangi gani?

Alikuwa ameshatanguliza mkono kwenye sanduku, anangoja tu atajiwe chumba.

Breki: Mekundu.

Kinyozi: Meupe, bwana. Mimi nikifungua asubuhi napita pale, nayaona meupe.

Breki: Mekundu. Mimi rangi siwezi kukosea, nimeishi na taa za barabarani.

Ripoti: Mimi ningesema yalikuwa na rangi ya wastani.

Hakuna aliyecheka. Wote watatu wakanigeukia mimi, na walikuwa na haki, kwa sababu naishi nyumba ya tatu kutoka kwa Plasta. Kila masika napita pale asubuhi na jioni. Mwaka jana mvua ilinikamata njiani, nikajibanza chini ya bati lake karibu nusu saa, maua yakiwa miguuni pangu. Nilitafuta kichwani. Nikauona mlango, nikauona ufa wa kizingiti, nikaiona ndoo ya kukingia maji na mpini wake uliofungwa waya. Nilipofika kwenye maua sikukuta kitu. Nikafungua mdomo nikasema nadhani, halafu sikuwa na cha kudhani.

Plasta alikuwa bado amekishika kile kitunguu. Dada alifikiri labda hakusikia, akamuuliza tena kwa upole, akimtajia moja moja: meupe, mekundu, ya manjano, au yale ya rangi ya waridi.

Plasta: Miaka kumi na saba, mwanangu. Kila yakitoka nilikuwa nayaruka nisije nikayakanyaga na viatu vya kazi. Mwaka wa kwanza nilivuka bila hata kutazama. Huu uliopita ilibidi nipite ubavu ubavu, mkono mmoja ukutani. Ukinifumba macho sasa hivi nitakuonyesha yalipoishia. Nayajua kwa miguu. Rangi siijui.

Dada hakumcheka. Alichukua kile kitunguu kutoka mkononi mwake taratibu, akakirudisha kwenye chumba chake, akafunika sanduku.

Muuza miche: Siwezi kukuuzia kwa kubahatisha, baba. Haya yanarudi kila mwaka. Ukikosea, utakosea kila mwaka.

Nilisikia maji ya Bi Birika yakichemka. Mmoja baada ya mwingine tukamgeukia, kwa sababu alikuwa amebaki yeye tu ambaye hajaulizwa, na hatukuwa tumemuuliza jambo lolote tangu asubuhi, au tangu alipoweka jiko lake pale. Alikuwa anafuta vikombe.

Bi Birika: Mimi naijua.

Breki: Si utuambie basi, dada yangu.

Bi Birika: Siwaambii. Vitunguu vyenyewe ninavyo kwangu, makopo mawili. Vilipombana shemeji yenu alitugawia. Mkeo anavyo, Kinyozi, chini ya bomba. Mke wa Ripoti anavyo. Na wewe unayecheka kila siku, mkeo anavyo kwenye beseni lililotoboka, pale dirishani. Vimezaa mtaa mzima. Akirudi tutamrudishia, asiwe na wasiwasi wa vitunguu. Ila rangi akamuulize mwenye maua.

Beseni lililotoboka nalijua. Nilikuwa nimeshamwambia mke wangu mara mbili alitupe.

Ripoti alisema kwa sauti ndogo kwamba katika hali kama hii ujumbe wa maandishi ni salama zaidi kuliko simu, kwa sababu unaweza kupitiwa kabla ya kutumwa. Lakini Plasta alikuwa ameshaitoa simu mfukoni. Alisimama ili akapigie mbali, akasita, akakaa tena palepale kati yetu. Nadhani hakutaka kuwa peke yake. Simu ilipopokelewa tulisikia kwanza watoto wawili wachanga wakilia kwa zamu, kisha sauti ya shemeji, hatukushika maneno.

Plasta: Mama. Hamjambo huko? ... Wote wawili? ... Hapana, mimi mzima. Nyumba nzima. ... Hapana, sijambo, kweli. Nilitaka kukuuliza kitu kidogo tu. Yale maua yako ya mlangoni. Yakitoka, huwa yana rangi gani?

Mtoto mmoja alinyamaza, labda amebebwa na mtu mwingine. Kisha shemeji akasema maneno machache, polepole, na Plasta akasikiliza bila kutikisika. Akaishusha simu hadi gotini, akaifunika kwa kiganja.

Ripoti: Amesema rangi gani?

Plasta: Hajasema. Ameniuliza kwa nini nauliza leo.

Akatutazama mmoja mmoja, kuanzia mwisho mmoja wa ubao hadi mwingine, akisubiri tumshauri. Simu ilikuwa bado haijakatwa.